Chupa Mbili za Hawo

Wabera, Isiolo
Jumapili

Kwa dada yangu Nakaale,

Habari za Ngaremara? Natumaini mguu wako umepata nafuu na mbuzi wanashiba tangu mvua inyeshe. Mimi ni mzima wa mwili. Wiki tano sasa sipokei simu zako, na najua umekasirika. Nilikudanganya kwamba kazi ni nyingi. Nilikuwa tu nimekaa chumbani.

Unamkumbuka nesi Makandi, yule aliyekuletea uji ulipolazwa hapa hospitalini kwetu? Alifutwa kazi. Mama mmoja wa Rapsu, anaitwa Hawo, alijifungua mtoto wa kike akapoteza damu nyingi. Makandi alimtundikia pakiti ya damu iliyotoka maabara. Dakika chache tu, Hawo akaanza kutetemeka, akalia kwamba mgongo unamkatika. Makandi alifunga mrija papo hapo, akamwita daktari. Mkojo ulitoka mweusi kama chai ya rangi. Pakiti ilikuwa ya kundi A, na Hawo ni O. Alikimbizwa Meru, akasafishwa damu kwa mashine karibu wiki mbili. Mungu ni mkubwa, amerudi kwake. Lakini maziwa yalikauka, na mtoto ananyonyeshwa na shangazi yake.

Wakubwa walikaa kikao, wakaamua kwamba aliyetundika ndiye aliyekosea. Makandi alijitetea kwamba alisoma jina na kila kitu kililingana. Hakuna aliyemsikiliza. Alipita maabara kuniaga, akanishika mkono, akaniambia angalau mimi najua kazi yake. Tangu siku hiyo kanisani siendi. Wenzangu wakianza kucheka, natoka nje. Nakula peke yangu, na majirani wakiniita daktari nainamisha kichwa.

Dada, ni mimi. Asubuhi ile kulikuwa na akina Hawo wawili wodini, na huyo mwingine alikuwa na malaria tu. Niliwatoa damu wote wawili, nikatia chupa mfukoni bila kuziandika, nikaziandika majina nilipofika maabara. Nikayabadilisha majina bila kujua. Hata nilipojaribu kuchanganya damu ya chupa na ya pakiti, zilikubaliana, kwa sababu chupa ilikuwa ileile ya makosa. Jioni nilipima upya nikaona. Nikamwaga zote mbili, nikanyamaza.

Jana nilienda Rapsu kumwambia mume wa Hawo, Jattani. Nilidhani atanipiga. Alitazama shamba lake la vitunguu, kisha akaniuliza, "Na yule nesi, umemwambia?"

Nilitikisa kichwa. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine yeyote.

Kesho nitaandikisha kosa langu ofisini, halafu niende Meru, alikorudi kwao, kumtafuta Makandi. Huenda nikafukuzwa, huenda nikashtakiwa. Nimetaka ulisikie kutoka kwangu kabla watu hawajakuletea.

Nisalimie mama na watoto wote, na umwambie mama wewe mwenyewe, polepole, akiwa ameketi.

Ndugu yako,
Lodio