Suruali ya Ngumbo Nimeitangaza Mkutanoni

Gaudensi, mtani wangu,

Nina miaka themanini na moja. Nimempita mganga aliyesema sitaiona Pasaka, nimeipita mitumbwi yote niliyoichonga kwa mikono hii, nimeipita televisheni yako ya chogo uliyodai itatuzika sote. Na wewe nimekupita, ingawa ulikuwa mdogo kwangu na ukijidai kifua cha Mmatengo wa milimani. Kwa hiyo leo sema usemavyo huko, mimi ndiye ninayesikika.

Naandika kwa penseli ya useremala. Herufi zangu unazijua, kubwa kama mbao za dari. Shule niliiacha mimi, yenyewe haikuniacha.

Jambo lenyewe ni banda lako la video. Walitaka kulifunga.

Ulipoondoka, mjukuu wako Sikitu alitoka Songea akalishika. Binti ana bidii. Kaleta televisheni bapa na sola mpya, kafuta vumbi mabenchi yangu. Mabenchi ni yale yale, hakuna mguu uliolegea, nani kama mimi! Tatizo kalelewa mjini, hakulijua neno lako. Unakumbuka? Kabla ya zile filamu za vijana za kuchekesha, zenye mambo ya aibu, ulikuwa unashika maiki: "Mwenye mkwe humu ndani, atoke yeye au atoke mkwe wake!" Watu wanacheka, mmoja anatoka, filamu inaanza. Mimi sikumwambia Sikitu. Nani humwambia mtu kwamba maji yanalowesha?

Basi Jumamosi moja akaweka ile ya vijana waliomaliza shule, yule mwembamba anayejitapa kwa wenzake kuwa wanawake anawajua wote, kumbe hajashika hata mkono. Umeitafsiri mara ngapi hiyo, na Kiingereza hukijui! Ulikuwa unatunga tu. Kijana ukamwita Mtu wa Mbaha, baba yake ukamfanya katekista, na watu wakaapa kwamba wanamfahamu. Ikafika pale anapokwenda kujitambulisha kwa wazazi wa binti. Kajipulizia manukato mpaka mbwa wa pale anapiga chafya. Mkanda ukakatika, suruali ikashuka mpaka kwenye vifundo, mbele ya baba, mama na bibi.

Damasi, fundi baiskeli, alikuwa kwenye benchi la katikati. Kaingia gizani, hakutazama nani kakaa pembeni. Akasikia kicheko, na kicheko kile anakijua. Mama mkwe wake! Mama Skolastika mwenyewe, bega kwa bega, anacheka mpaka kilemba kimeanguka.

Damasi hakutafuta mlango. Alipita ukutani. Matete yako ya upande wa ziwa yana tundu la umbo lake hadi leo.

Asubuhi alipeleka kuku kwa mama mkwe kuondoa aibu, kama inavyotakiwa. Ingeishia hapo. Lakini mwenyekiti akaitisha mkutano: filamu zile ni uchafu, banda lifungwe. Sikitu alikaa chini, kichwa kati ya magoti. Mjane wako anakula kwa banda hilo, Gaudensi. Ningekaa kimya vipi?

Nikasimama. Mwenyekiti akasema, "Mzee Betramu, kaa. Filamu za vijana wewe unazijulia wapi?" Nikamwambia ujana niliuanza yeye hajawa hata mimba.

Nikawaambia uchi hauchekeshi. Wanaume tunaoga ziwani kila jioni, nani amewahi kuanguka kwa kicheko? Kinachochekesha ni mtu aliyejitapa, halafu ukweli wake unamkuta suruali ikiwa chini. Tunamcheka kwa sababu anachokiogopa ndicho tunachokiogopa wote, kuonekana tulivyo. Na watazameni wenzake waliomsindikiza, nikasema. Wanamcheka mpaka wanalia, lakini mmoja anavua shati lake amfunge kiunoni, wanarudi naye nyumbani. Toa wale wenzake, filamu ni uchafu kweli. Waache, ni utani. Na utani hatukuuokota kwenye video. Baba hawezi kumweleza mwanawe mambo ya ndoa. Babu ndiye anayeyasema, tena kwa mzaha, ili kijana asife kwa aibu. Mababu tumenyamaza, basi vijana wameazima babu wa kwenye kioo.

Maneno mazuri vile! Nikaona hayawaingii.

Ndipo nilipovunja kiapo chetu. Nikaisema suruali.

Nisamehe, au usinisamehe, shauri yako. Nilisema tulikuwa wanaume tunaolipa kodi na tulikuwa na suruali moja, yako. Siku hiyo zamu yangu. Tukaenda hadi Ngumbo kwa kina Febronia, nikajitambulishe, wewe ukabaki kwenye muhogo umejifunga gunia la kahawa. Nikachuchumaa kumwamkia bibi yake. Shikamoo haijaisha, mshono ukasema praaa, kutoka mbele hadi nyuma. Nikaongeza kwamba nilibaki imara kama nguzo. Mara sauti ikatoka upande wa akina mama. Febronia wangu.

"Sema yote, Baba Osmundi! Sema ndani hukuvaa kitu!"

Mkutano ulikwisha nguvu. Mwenyekiti alishika meza, machozi yanamtoka. Damasi alicheka, akakumbuka mama mkwe yupo, akageukia upande wa pili akaendelea kucheka.

Walipotulia, Febronia akasema neno ambalo hajawahi kuniambia ndani ya nyumba. Kabla yangu alikuja mwingine, mwenye viatu na saa, akadanganya jioni nzima. "Huyu," akasema, "nilimwona alivyo siku ya kwanza. Na hakukimbia." Hapo nilikaa chini, Gaudensi.

Mama Skolastika akamaliza kazi. Kuku amemla, mkosi umekwisha, na yeye filamu ile hakuiona mwisho wake, anataka auone, ilimradi Damasi asiwepo.

Banda lipo. Sharti ni kwamba filamu hizo ni za watu wazima, na mlangoni akae mzee wa kutenganisha wakwe. Mzee huyo ni mimi. Nani mwingine anajua aliyeoa wapi, toka Mbaha hadi Liuli? Sikitu nimemfundisha neno lako. Siku ya kwanza alipolisema kwenye maiki, kalivuta mwishoni vile vile kama wewe... Nilitoka nje kidogo. Nilirudi.

Tundu la Damasi sitaliziba. Mgeni akiingia anauliza, na anacheka kabla filamu haijaanza. Nakuahidi, mpaka waje kunibeba, mlango ule utakuwa wazi na kiti changu kitakuwa pale. Na sifi karibuni, usinitayarishie mkeka. Pumzika, mtani. Umetuchekesha vya kutosha, sasa zamu yetu.

Ukidhani najitapa, mashahidi wapo. Mama Skolastika yupo. Damasi yupo, ingawa atasema hakuona kitu. Na Febronia yupo. Ile suruali uliyonidai mpaka unakata roho, ukisema nimeipoteza, aliitoa jana chini ya sanduku lake. Miaka yote hiyo ameitunza. Haijashonwa.