Tulimwombea Vinod Afukuzwe, Sasa Sitaki Aende

Mama Kui mpendwa, nisaidie kabla Alhamisi haijafika. Mimi naandika programu za simu kwa kampuni moja hapa Kitengela, zile za wafugaji kuuza ng'ombe bila kufika soko la Kajiado, na mwaka huu bosi akaleta fundi kutoka India, anaitwa Vinod, halafu akatuambia Vinod amekubali nusu ya mshahara wetu, kwa hivyo tukubali kukatwa ama twende nyumbani, na mimi niko na watoto shuleni, Mama, nililia, nikapeleka jina lake kwa ushirika wetu wa nyumbani wa kila Alhamisi tuombe anyimwe kibali cha kazi arudi kwao. Kiongozi wetu, Mama Roda, akashika hayo maombi kabisa, anapiga meza akisema, "Vinod, toka Kenya!"

Sasa juzi tukinywa chai kazini Vinod akaniuliza polepole, "Nthambi, kwa nini nyinyi mnakubali nusu ya pesa yangu?" Kumbe bosi alimwambia vile vile! Tukaingia kwa ofisi pamoja, bosi akakosa pa kutazama, na hakuna mtu amekatwa. Uui, nimelala usingizi wa kweli! Lakini kibali cha Vinod kimechelewa, ana wasiwasi, na Mama Roda bado anapiga meza. Nikisema ukweli nitaaibika, na nikinyamaza, je, tukijibiwa?

Nthambi, Kitengela

Nthambi wewe! Nimecheka, kisha nikakasirika. Pumua kwanza, kazi bado unayo, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mtu mnakunywa chai naye kila siku, ukashindwa kumwuliza swali moja, ukaona afadhali umshtaki kwa Mungu? Bosi ndiye alitaka kukukata, na jina lake hukulipeleka popote.

Sasa sikia. Usimtumie Mama Roda ujumbe, utasambaa mpaka Nkoroi. Mwambie Vinod mwenyewe kwanza, uso kwa uso, umwombe msamaha. Halafu Alhamisi, wakati wa ushuhuda, simama useme yote, hata sehemu ya aibu. Watanung'unika, wacha wanung'unike, hao wamama walipaza sauti kwa sababu wanakupenda. Kisha Mama Roda apige meza tena, kwa nguvu ile ile, kibali kitoke.

Na wakibaki na nguvu, wape jina la bosi.