Chai ya Mama Isimwagike

Tarehe 3 Machi

Fundi wangu,

Hujambo wewe, na hajambo huyo mjukuu wangu anayecheza mpira tumboni mwako? Sisi huku wazima, mgonjwa ni pikapu tu.

Karavani nimeipata. Ina kitanda, jiko na dirisha lenye pazia alilolishona mama yako mwenyewe. Juzi tuliifunga nyuma ya pikapu tukaanza safari ya kuja kwako. Lo! Mkia wa gari ulikaa chini, pua ikatazama mawingu, usukani ukawa mwepesi mpaka nikaogopa. Kila tuta tunarushwa. Tulipofika mlima wa pili mama yako akasema, "Baba Fundi, geuza." Nikageuza. Kwenye basi la abiria hapandi kwa sababu ya kutapika, unamjua. Sasa na kwa pikapu hasafiri mpaka kwanza tujaribu: akae na kikombe cha chai mapajani, tuende kidogo, na chai isimwagike.

Usiwe na wasiwasi. Nina bapa za springi za lori langu la zamani la kokoto. Nitaziongeza nyuma zinyanyue mkia, mambo yatakuwa yamekwisha.

Baba yako


Tarehe 12 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi na mchezaji wako hatujambo. Gereji wamenipa kiti, vipuri naletewa mezani kama malkia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu masikio yako yaliyozibwa na ngurumo za lori yanajibu "ndiyo" kwa kila kitu.

Springi za lori? Hapana, Baba, hapana! Wewe ulibeba kokoto, na kokoto hazilalamiki. Bapa zile zitaibeba karavani, sawa, lakini siku ukiiacha nyumbani uende sokoni, mtagonga dari kwa vichwa. Weka maputo ya hewa. Yanakaa kati ya fremu na ekseli, pande zote mbili. Ukiwa na mzigo unayajaza, ukiwa huna unayapunguza.

Ila niambie kwanza, cherehani ya Mama, maana najua hasafiri bila hiyo, umeiweka wapi? Kama iko mbele kabisa ya karavani, uzito wote unaangukia mkia wa pikapu. Isogeze juu ya magurudumu ya karavani. Na usipakie zaidi kwa sababu ya maputo, maana yananyanyua gari tu, hayaliongezei nguvu ya kubeba.

Mkunga anasema mwisho wa Aprili. Mbele ya mume wangu najifanya jasiri. Wewe nakwambia ukweli: naogopa, na namtaka mama yangu.

Binti yako


Tarehe 30 Machi

Marahaba mwanangu,

Tumefurahi kusikia mnaendelea vizuri. Mama yako amesoma ule mstari wa mwisho mara nyingi, kisha akaenda kufua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Maputo! Maisha yangu yote barabarani sijaona gari likipambwa kama la bwana harusi. Lakini nimekusikiliza. Cherehani kweli ilikuwa mbele, pamoja na kitanda cha mtoto nilichokichonga kwa mbao ngumu. Hiyo ilikuwa siri, basi, imenitoka. Vyote nimevisogeza. Maputo nimeyafunga mwenyewe, nikayajaza mpaka yakagoma. Mkia juu! Nikasimama kando nimejaa maringo.

Mama yako akapanda na kikombe chake. Hata getini hatujafika, chai yote iko kwenye gauni. Akashuka, akachukua sanduku lake akaingia ndani. Angenifokea ningelala usingizi. Akinyamaza, ujue kimeumana.

Nisaidie, Fundi.

Baba yako


Tarehe 7 Aprili

Shikamoo Baba, na mpe Mama pole ya gauni,

Nimecheka mpaka wenzangu wakadhani uchungu umeanza! Baba, puto likijaa hivyo ni jiwe. Umemkalisha Mama juu ya mawe mawili.

Toa hewa. Ifungue karavani itoke nyuma, pikapu ibaki tupu, kisha pima kwa kamba kutoka madigadi ya nyuma hadi chini, ufunge fundo. Halafu funga karavani na mizigo yake, ujaze hewa kidogo kidogo mpaka mkia ukaribie lile fundo. Hapo acha pampu. Najua mkono utawasha, uache hivyo hivyo.

Na mwambie Mama asijaze kikombe hadi mdomoni. Hiyo ni njama.

Binti yako


Tarehe 25 Aprili

Shikamoo Baba,

Mbona kimya? Mama hapokei simu. Miguu imevimba, mkunga anasema ni wakati wowote. Kama Mama amekataa niambieni tu, sitanuna. Nitalia kidogo.

Binti yako


Tarehe 28 Aprili, asubuhi

Mwanangu, umeamkaje?

Kama umetuandikia, barua imepishana nasi njiani. Hii naipitisha chini ya mlango kwa sababu nimekatazwa kupiga honi watu wakiwa wamelala. Simu ya mama yako imo sandukuni, na sanduku liko chini ya kitanda cha mtoto.

Nilipima kwa kamba, nikaacha pampu kwenye fundo, mama yako akakubali kupanda tena na kikombe chake. Tumekuja mwendo wa pole. Kwenye mlima wa pili nikasikia kimya, nikajua kimeumana. Kugeuka, mama yako amelala! Mwanamke huyu, ndani ya gari! Kikombe kimekaa mapajani, chai imepoa, haijamwagika hata tone. Nimeinywa mimi.

Tumeegesha chini ya dirisha lako. Amelala tena, na mimi sithubutu kumwamsha. Njoo umwamshe wewe.

Babu