Vumbi la Lori la Baba

Jumamosi, 4 Septemba 1993
Nimefagia uwanja, nimeteka maji, nimemenya ndizi. Bibi akakagua, akanirudisha nikafagie tena nyuma ya choo. Ndivyo zilivyo Jumamosi zote za hapa Ibighi.

Sokoni Bi Zuhura alikuwa anafungua belo la mitumba ya watoto. Katikati ya masweta kulikuwa na boksi. Akalitikisa, likalia.

"Chukua, Atupele. Hiki hakivaliki."

Ndani kuna vipande vidogo vya plastiki ya kijani, vimeshikana kwenye vijiti. Ukiviunganisha vinakuwa lori la jeshi. Gurudumu moja halipo. Nimefurahi sana. Sina wa kumwambia.

Jumatano, 8 Septemba
Nimesoma maelezo ya Kiingereza kwa kamusi. Unakata kwa wembe, unasugua kwa msasa, unabandika. Gundi haikuwemo. Fundi baiskeli amenipa solusheni iliyobaki kwenye tyubu yake ya kuzibia pancha.

Ukurasa wa mwisho umenishangaza. Wanafundisha kulichakaza lori likishakamilika. Kutu kwenye bampa. Masizi kwenye ekzosi. Tope kwenye matairi. Kumbe wapo watu wenye barabara za lami wanaokaa mezani kutengeneza tope. Nimecheka peke yangu.

Halafu nikaacha kucheka. Nitatengeneza lori la Baba.

Jumapili, 12 Septemba
Kanisani, kisha nyumbani. Mvua ya manyunyu.

Niandike vizuri, ili nijue ninachotaka. Baba alikuwa dereva wa chama cha ushirika. Alibeba kahawa kutoka vijiji vya Masoko kwa lori jeupe. Siku za likizo nilipanda naye, akinisimulia kila kona na kila daraja. Mwaka huu chama kimeuza magari yake kwa watu binafsi, na madereva wakapunguzwa. Baba akaenda Tunduma kuendesha gari la mtu. Amekuja mara moja tu, mwezi wa saba. Alikaa kibarazani siku nzima akitazama barabara. Nilimwambia shikamoo, akajibu marahaba. Basi.

Mama yuko Kyela na mume mwingine. Bibi ananipenda, lakini maongezi yake ni ufagio na sabuni. Baba asipoongea na mimi, hakuna anayeongea na mimi.

Nataka aongee. Akiliona lori lake ataongea.

Jumamosi, 18 Septemba
Kichwa cha lori kimeshika. Turubai la jeshi nimeliacha kwenye boksi. Gurudumu lililokosekana nimelipata zahanati: kifuniko cha mpira cha chupa ya dawa ya sindano. Ni dogo kidogo. Lori linainama nyuma upande mmoja, na la Baba pia liliinama.

Nimekosea kumwonyesha Rehema wa darasani kwetu. Sasa wasichana wote wananiita Fundi. "Fundi, mbona mikono haina grisi?" "Fundi, ukiolewa utapika nati?" Nilicheka nao. Sikupenda.

Jumamosi, 25 Septemba
Rangi nyeupe: chokaa iliyobaki walipopaka kanisa, nimeikoroga na uji mwepesi wa muhogo ili ishike. Masizi: nimekwangua kwenye kioo cha taa. Kutu: nimesugua jembe la zamani kwa msasa, unga wake nikaupaka na maji kwa unyoya wa kuku. Vumbi: nimechota kwenye barabara ya Masoko, nikalichekecha kwa kitambaa.

Kazi hii inataka pumzi. Ukipaka vingi linakuwa donge la udongo. Unapaka kidogo, unafuta kwa kidole, unaangalia. Saa zilipita sikujua. Mlangoni nimeandika jina la chama kwa sindano iliyochovywa wino.

Nililishika mbali na macho, nikafumba jicho moja. Lilikuwa lenyewe. Nilisikia hata harufu ya magunia.

Alhamisi, 30 Septemba
Kondakta wa basi la Mbeya ameleta ujumbe. Baba anakuja Jumapili, ataondoka siku hiyo hiyo. Bibi ameanza kufua mapazia leo leo.



Jumamosi, 2 Oktoba
Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Asubuhi niliweka lori dirishani lipate jua, nikaenda Kawetele kutafuta kuni. Niliporudi lilikuwa mezani sebuleni, juu ya kitambaa cheupe alichofuma Bibi. Kijani tupu. Linang'aa.

Bibi alilisugua kwa dodoki na majivu, akalisuuza maji matatu. Chokaa yote imetoka. Kutu, masizi, vumbi, jina. Kioo cha pembeni kimekatika.

"Ulilidondosha kwenye tope, mjukuu wangu," akasema. "Nimehangaika nalo. Mgeni asikute uchafu."

Alikuwa anatabasamu. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Nikasema asante, Bibi.

Nikaenda kwenye migomba nikalia. Nalichukia dodoki. Bibi simchukii, nimejaribu nikashindwa. Hakuna nyumba ya ukoo wetu ambamo tope lingelala salama. Nilipaswa kujua hilo.

Chokaa imekwisha. Kesho ni kesho.

Jumapili, 3 Oktoba
Baba alifika baada ya ibada. Amekonda. Shikamoo, marahaba. Akaketi, akanywa chai, akatazama mlango. Nikaona siku inakwenda kama ile nyingine.

Kisha akaliona lori.

"La jeshi hili? Nani amekununulia?"

Nilitaka kusema ni zawadi tu, yaishe. Nikasema kweli. Kwamba lilikuwa lake, jeupe, na kutu na vumbi la Masoko, na Bibi ameliosha.

Baba akamgeukia Bibi. "Mama, umeliosha lori langu?"

"Lilikuwa chafu, Ambakisye."

"Hata lile lenyewe ulikuwa hutaki niliingize uwanjani."

"Lilikuwa linamwaga oili kwenye uwanja wangu."

Baba akacheka. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akalichukua lori, akaniuliza vumbi nililipaka wapi. Nikamwonyesha: kote, sawasawa. Akatikisa kichwa. Upande wa kushoto ndio ulikuwa mchafu kuliko wa kulia, kwa sababu kila alipopishana na gari alilazimika kuingia kwenye majani na matope. Na mlango wa dereva haukuwa na vumbi chini ya dirisha, pale alipoegemeza kiwiko. Nimepanda lori lile miaka yote. Sikuwahi kuona hilo.

Aliongea mpaka ndizi zikapoa. Mwishoni akasema, si kwangu hasa, kwamba aliliona lori lenyewe Mbeya mwezi uliopita. Wamelipaka bluu. Lilikuwa limeegeshwa. "Sikusimama," akasema.

Nikamsogezea chai.

Saa tisa akaenda stendi. Hakusema atarudi lini.

Jumatatu, 4 Oktoba
Shule. Hesabu, jiografia, siasa. Sikumsimulia mtu.

Jioni nimechekecha vumbi jipya. Nimeanza upande wa kushoto, kijani hivyo hivyo, chokaa nitaomba kanisani wakipaka tena. Tope zito kwenye tairi la mbele, likipungua kwenda nyuma. Chini ya dirisha la dereva nimefuta kwa ncha ya kidole, mahali pa kiwiko.

Bibi alisimama nyuma yangu.

"Unalichafua tena?"

"Ndiyo, Bibi."

Akavuta kitambaa chake taratibu kutoka chini ya lori, akakikung'utia nje, akatandaza gazeti mahali pake. Akaenda kuangalia ndizi jikoni. Nimeendelea mpaka mwanga wa dirisha ukaisha.