Jina la Baba Mkwe Lilinikwama, Sasa Hanywi Maziwa Kwetu

Shangazi Doris, shikamoo. Mwanao nimekwama, naomba unishike mkono kabla nyumba yangu haijavunjika. Mimi ni Mbarabaig wa Gehandu, nimeolewa na Vicent, na kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake hata kwa bahati mbaya, hilo unalijua. Sasa mwaka jana walikuja watafiti wa mimea kutoka Arusha, baba mkwe akawapandisha Mlima Hanang, akawachumia kwa mkono wake mmea mdogo unaoota kwenye mawe kule juu, ndio tunaowapa ndama wakiharisha, nao wakafurahi mno maana kwenye hifadhi yao ya mimea iliyokaushwa haukuwepo, wakaubana katikati ya magazeti ukauke, na mimi kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne wakanipa kishikwambi nijaze habari za kila sampuli, ilipotoka, tarehe, na aliyeichuma.

Shangazi, nilipofika kwa aliyeichuma, mkono ulikataa. Ningeandikaje jina lile, na mwenyewe amekaa pale pale ananitazama anatabasamu? Nikaandika Vicent. Niliona mtoto ni wa baba yake, heshima itabaki nyumbani.

Kumbe habari zile hazilali Arusha! Zinaingia kwenye kompyuta za makumbusho ya dunia nzima zilizounganishwa, mtu wa Ulaya akibonyeza anaiona Hanang yetu, na juzi akaja mtafiti mwingine, mgeni kabisa, akamwonyesha mzee kwenye simu kwa furaha, akamsomea kwamba mmea ule umechumwa na Vicent. Mzee akainuka, akaenda zake. Tangu hapo hanywi maziwa kwetu, anapita mlangoni kama hatujui, na amemwambia mama mkwe kwamba mwanawe amemwibia kitu pekee alichowahi kuipa dunia. Vicent wangu anaapa hajui lolote, na mimi nipo jikoni nakoroga uji, nimenyamaza.

Shangazi, mzee huyu nilipojifungua alinichinjia kondoo mnono kuliko wote, akaniletea mafuta yeye mwenyewe. Nampenda sana. Nikisema ukweli nitaonekana mjinga, na kurekebisha lazima jina liandikwe. Nifanyeje?

Monica, Gehandu

Marahaba, Monica mwanangu. Nimecheka, halafu nikakasirika, halafu nikakuonea huruma, kwa hiyo vumilia vyote vitatu.

Acha kukoroga uji! Mume wako anabebeshwa wizi ambao hakuufanya, na wewe umenyamaza eti aibu? Heshima uliyotaka kumpa mzee ilikuwa nzuri, ila uliimalizia vibaya. Ungemwita mtafiti yeyote aliyekuwepo ukamwambia, "Hapa jaza wewe, mimi ni mkwe." Wangekuelewa, na wasingekuelewa wangejaza tu.

Mila imekufunga mdomo wewe, haijamfunga Vicent. Mwambie leo, kabla ng'ombe hawajarudi. Atakasirika, mwache akasirike, ana haki yake. Kisha yeye ndiye awapigie watu wa Arusha na kuwatajia jina la baba yake, herufi kwa herufi. Msihangaike kutafuta makumbusho moja moja ya Ulaya. Kompyuta zile zinachota Arusha, pakirekebishwa pale na kwingine kutafuata. Ila msikubali kuambiwa "tutashughulikia" mkakata simu. Mkae nao mpaka muone kwa macho.

Mzee usimwendee mwenyewe. Mpitie mama mkwe, kama mnavyofanya kwenye jambo zito, na yeye amwambie, "Hakuna aliyekuibia. Mkweo alikuheshimu mpaka mkono ukamkataa." Wazee wa namna hiyo nawajua mimi. Atanuna siku hiyo, kesho yake ataulizia maziwa, kwa hiyo kibuyu kiwe tayari.

Na jina likishakaa mahali pake, Vicent amsomee baba yake kwa sauti, boma zima lisikie. Wewe toka nje kidogo. Dunia nzima itamtaja, Monica. Wewe peke yako hutamtaja, na yeye atajua ni kwa nini.