Daftari la Watoto Lililoliwa na Mchwa

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Marahaba, mwanangu. Huku Chumbageni hatujambo. Babu yako mguu umepona, anakwenda msikitini mwenyewe.

Umeniuliza kama unakili kompyuta nzima yenye picha zako kila mara, au mafaili mapya tu. Nilipokuwa mkunga kijana, kila mwisho wa mwezi nilinakili daftari zima la watoto waliozaliwa pale zahanati. Katikati ya mwezi, kila jioni niliandika watoto wa siku hiyo tu kwenye karatasi, nikaiweka nyumbani pamoja na nakala ile. Mchwa walipolila daftari, nakala na karatasi ziliturudishia karibu watoto wote. Karatasi moja tu ilikuwa imepotea, na mtoto mmoja alipotea nayo. Nilimkumbuka mama yake, nikamwendea nikiona haya.

"Umempoteza kwenye karatasi tu," aliniambia. "Mwenyewe huyu hapa, ananyonya. Andika."

Nikaandika, huku nacheka.

Basi nakili yote leo, kisha kila siku ongeza mapya bila kuruka hata siku moja, na kila mwezi nakili yote upya. Weka nakala mbali na kompyuta. Picha ikipotea, mwanangu, haina mama wa kumwendea.

Akupendaye,
Bibi Mwanahamisi