Pumzi ya baba

Jumatano, mvua haijakatika

Siku ya tatu hatujaona jua hapa Mwaya. Kokoa haikauki, wala betri ya sola haijai. Na Jumapili ni kumbukumbu ya baba, nami sijamaliza kusafisha wimbo aliorekodi na kwaya. Kompyuta inavuma na kunywa umeme kama ina kiu! Ili kuokoa betri, nikashusha kasi ya prosesa, ubongo wa kompyuta, hadi nusu. Kazi ikaenda mwendo wa kinyonga. Nikanuna.

Mama, mfinyanzi wa vyungu, akacheka. "Moto wa haraka hupasua chungu, mwanangu. Subiri."

Prosesa ikapoa, na feni ya kompyuta ikanyamaza. Nikacheza wimbo tena. Ndipo tukasikia kile ambacho mvumo wake ulikuwa ukikifunika: baba akivuta pumzi kabla ya ubeti wa kwanza.

Mama naye akavuta yake. Wakaanza pamoja.